UZI: Kabla hujalipaka kutu behewa lako la mfano, lijue kwanza

Mataruma_Moshi:

Wakuu, habari za jioni. Tunaojenga treni za mfano huku Kaskazini ni wachache, lakini tupo, na kila nikiweka picha ya behewa langu naulizwa, "Hiyo kutu umeipakaje?" Leo mvua inanyesha hapa Pasua, rangi haikauki, kwa hiyo nina muda wa kujibu vizuri.

Kinachoharibu kazi nyingi ni haraka ya siku ya mwisho. Mtu anaunda behewa zuri, anakaa nalo wiki 3, halafu anachovya brashi kwenye rangi ya kahawia na kuipitisha popote mkono unapofika. Kutu ya kweli ina mahali inapoanzia. Inaanzia kwenye riveti iliyolegea, au bati lililobonyea mpaka rangi ikapasuka, au reli ya mlango inayosuguliwa kila siku. Mimi doa nisiloweza kueleza limetoka wapi silipaki. Ndiyo maana naanza na kulitambua behewa, makopo ya rangi yabaki yamefungwa kwanza.

Miaka 3 iliyopita mjomba alirudi likizo kutoka Marekani na mabehewa 6 ya mizigo ya kipimo cha 1 kwa 87. Aliyakuta kwenye duka la mitumba, hayana maboksi wala karatasi. Nilikaa nayo miezi kadhaa bila kuyagusa, nikijifunza kusoma ubavu. Kwenye behewa la Marekani kila herufi ina kazi. Zile za mwanzo ni za mwenye behewa, na zikiishia na X ujue mwenyewe si shirika la reli, ni kampuni binafsi. LT WT ni uzito wa behewa likiwa tupu, CAPY ni mzigo linaoweza kubeba. BLT ikifuatwa na tarakimu ni mwezi na mwaka lilipoundwa.

Ukimaliza maandishi, panda juu ya paa. Moja kati ya yale 6 lina mikunjo ya paa inayofanana na tai ya kipepeo, na hiyo ni alama ya PS-1 ya Pullman-Standard, kiwanda cha mabehewa cha Marekani, aina iliyoanza kuundwa 1947. Tena lina ubao wa kutembelea juu ya paa. Ubao huo mabehewa mapya yaliacha kuwekewa kuanzia 1966, yale ya zamani yakaendelea nao kwa muda. Ubavuni kuna kibamba cha mistari ya rangi, kilichobandikwa kuanzia 1967 ili mashine isome namba treni ikipita, mpango ulioachwa 1977. Na limeandikwa BLT 1953.

Haya, tuunganishe. Behewa la 1953, ubao wa paa bado upo, kibamba kimeshabandikwa: tunaangalia mwisho wa miaka ya 60 au mwanzo wa 70. Lina umri wa miaka 15 hadi 20. Sasa najua kiasi cha uchafu linachostahili, na najua pia kwamba kile kibamba kinatakiwa kiwe kisafi kuliko bati linalokizunguka, kwa sababu ni kigeni pale. Nimeyapata yote hayo kabla ya kugusa brashi.

Nikageukia ya kwetu, na hapo moyo wangu ndipo ulipo. Reli hii ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, na Arusha 1929. Upana wake ni milimita 1,000. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, kwa hiyo wenzetu hutumia njia ya milimita 12. Ukiliweka behewa la Tanga kwenye njia ya milimita 16.5, ambayo ni ya reli pana ya milimita 1,435, litaonekana limepanua miguu, na hakuna rangi itakayoliokoa.

Treni ya mizigo iliporudi Moshi 2019, baada ya njia kulala zaidi ya miaka 10, nilikwenda stesheni nikamwomba mkuu wa stesheni ruhusa ya kuangalia na kupiga picha. Ombeni ruhusa jamani, msijipenyeze. Nilikaa na behewa moja la kufungwa tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 6. Chini ya herufi za TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, niliona kivuli cha EAR, yaani herufi za Reli za Afrika Mashariki, ambazo mwisho wake ulikuja na kuvunjika kwa Jumuiya 1977. Rangi ya juu imefifia, ya chini inachungulia. Kivuli hicho ndicho ninachojaribu kukijenga sasa hivi mezani, kwenye behewa langu la kahawa, picha yake nimeiweka hapa.

Kijana_wa_Kiboriloni:

Mkuu nimesoma mpaka mwisho. Mimi sina mjomba wa Marekani wala hela ya kuagiza. Naanzia wapi? Na rangi zenyewe natumia zipi?

Mataruma_Moshi:

Anzia na kopo la soda, mdogo wangu. Kata lile bati kwa mkasi, lisafishe kwa msasa laini, lilaze juu ya kadibodi na ubonyeze kwa ncha ya kalamu ya wino iliyokwisha. Upande wa pili zinatokea riveti. Mwili ndani ni kadibodi ngumu au plastiki bapa, mbavu za nje ni vipande vyembamba vya plastiki hiyohiyo. Behewa la mita 12 litakuwa na urefu wa milimita 138, linakaa kiganjani.

Kwenye rangi, jambo la kwanza ni kupausha. Ukichukua rangi ileile iliyo kwenye behewa la kweli ukaipaka kwenye modeli, itaonekana nzito mno. Sababu ni umbali. Ukiangalia modeli ya 1 kwa 87 kutoka nusu mita, ni kama umesimama mita 43 kutoka kwenye behewa lenyewe, na kwa umbali huo hewa na mwanga huosha rangi. Kwa hiyo ongeza nyeupe kidogo, au kijivu cha udongo. Nyeusi tupu usiitumie kabisa, hata chini kwenye chasisi. Tumia kijivu kizito chenye kahawia.

Rangi za maji za wachoraji zinatosha. Praima ya kijivu kwanza, halafu matabaka 2 au 3 membamba, kila moja likauke. Kabla ya kubandika herufi, kama unatumia stika za maji, zile zinazoloweshwa ndipo zibandikwe, pitisha vanishi ya kung'aa. Juu ya rangi kavu isiyong'aa kuna vijishimo vidogo, hewa inabaki chini ya stika na inaonekana kama ukungu mweupe. Nilipoteza seti nzima ya namba kwa kutolijua hilo, na ilikuwa seti pekee niliyokuwa nayo.

Na kipimo kikae kichwani muda wote. Tone la brashi la milimita 2 kwenye behewa lako ni doa la sentimita 17 kwenye lile la kweli. Hicho ni kisosi cha chai. Mabehewa mangapi umeyaona yana visosi vya kutu ubavu mzima?

FundiRangi_Ngarenaro:

Mimi napaka magari hapa Arusha miaka mingi, treni za mfano nimeanza juzi kwa ajili ya mwanangu. Niongeze ya kwangu.

Duko, yaani rangi ya magari, na plastiki haziivi chungu kimoja. Thina ya duko inakula plastiki. Nilipulizia kibehewa cha mwanangu kama ninavyopulizia bampa, dakika 5 mbavu zote zikawa zimelainika na kuungana. Mtoto alilia, na mimi niliumia. Ukilazimika kutumia duko, weka praima ya plastiki kwanza, pulizia kwa mbali ukungu mwepesi tu, subiri, rudia. Kwenye bati la kopo duko halina shida, ila lisugue kwanza kwa msasa maana aluminiamu haishiki rangi.

Kuhusu kufifia, kama unataka mwalimu nenda gereji yoyote uangalie daladala kuukuu. Paa na boneti ndivyo vinavyokufa kwanza, milango inafuata mbali. Huku tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linapiga utosini. Ile rangi nyekundu ya mabehewa ni ya oksidi ya chuma, haibadiliki upesi yenyewe, ila gundi ya rangi inachomwa na jua na unga wake unabaki juu kama chaki. Ukipitisha kidole kinatoka chekundu. Kwa hiyo paa la behewa la Moshi nalipausha kuliko ubavu, na ubavu naupausha zaidi juu kuliko chini.

Tena kama paa ni la bati lenye zinki, rangi haifi kwa kufifia pekee. Inabanduka vipande vizima, na chini yake kuna kijivu cha zinki kabla hata kutu haijaanza. Nimeshaona watu wanapaka kutu pale moja kwa moja.

Mataruma_Moshi:

Fundi umenifundisha. Hilo la zinki nalifanya kwa chumvi: paka kijivu kwanza, lowesha paa, nyunyiza chumvi laini ya mezani pale unapotaka rangi ibanduke, iache ikauke, pulizia nyekundu iliyopauka, ikikauka isugue chumvi itoke kwa brashi ya meno. Kingo zinatoka zimechanika kama za kweli, ambazo kwa brashi sijawahi kuziweza.

Niingie kwenye kuchakaza sasa. Kazi ya kwanza ni maji machafu: rangi ya kahawia iliyopauka, sehemu 1, maji sehemu 10 hivi, na tone la sabuni ya vyombo ili yasijikusanye kama umande kwenye jani la mgomba. Yapitishe ubavuni, kisha kabla hayajakauka futa kwa kipande cha sponji kutoka juu kwenda chini. Daima juu kwenda chini, kama mvua inavyoshuka. Uchafu utabaki kwenye kona za mbavu na kuzunguka riveti, pale ambapo hata kwenye behewa la kweli mvua haifiki kusafisha.

Kutu inafuata, na hapo sponji kavu inashinda brashi. Chana kipande kidogo, gusa rangi ya kahawia nzito, igongegonge kwenye karatasi mpaka karibu imalizike, halafu gusa kingo za chini za mlango, pembe, na mahali bati lilipovimba. Behewa la kufungwa linavimba kutoka ndani, mzigo ukisogea treni ikifunga breki. Ukitaka liwe na simulizi, libonyeze lile bati la soda kutoka ndani kwa ncha ya kijiko kabla ya kuunda, halafu rangi yako ipasukie pale. Chini ya doa vuta mstari mwembamba wa rangi ya chungwa iliyochujuka, milimita 3 au 4, ukififia unaposhuka.

Vumbi la mwisho ni unga. Chaki ya rangi ya wachoraji ni bora kuliko ya shule kwa sababu ina rangi nyingi zaidi. Isage kwenye msasa, ichuje kwa kipande cha soksi ya nailoni. Udongo wenyewe nao unafaa ukichujwa hivyohivyo, na hapa tuna bahati: mwekundu wa huku kwetu, wa kijivu cha majivu wa upande wa Arusha, na ule mweupe wa jasi wa Makanya. Behewa lililopakia jasi Makanya linakuwa na weupe kwenye ukingo wa juu na pembeni mwa milango, na hapo chaki ya shule inafaa kabisa maana nayo ni jasi.

Mzee_wa_Shedi:

Nimesoma kwa furaha, wanangu. Nilikuwa karani wa shedi ya mizigo kabla ya kustaafu, na mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha. Nina marekebisho.

Mataruma, kwenye picha yako umepaka kutu mpaka pale gurudumu linapogusa reli. Behewa linalotembea sehemu hiyo inang'aa kama kisu. Likisimama kwenye njia ya pembeni siku chache inaanza wekundu, likivutwa tu kilomita chache inang'aa tena. Kutu ya pale ina maana behewa limetupwa. Uso wa gurudumu ndio mchafu, una vumbi lililoshikana na grisi kuzunguka ekseli.

Pili, chini ya behewa umepaka uchafu wa rangi moja. Viatu vya breki vya chuma vikisagika vinatoa unga wa kahawia, na unga huo unatua kwenye bogi, ile fremu inayobeba magurudumu, na kwenye sakafu kwa chini, karibu na magurudumu. Katikati ya behewa, kati ya bogi na bogi, kuna vumbi la njiani zaidi. Ukitoka Mombo mpaka Same wakati wa kiangazi utaliona. Na kwenye ncha za behewa, mvua ikinyesha, magurudumu yanarusha tope juu, linaacha mistari 2 iliyosimama, mmoja kila upande, sawa na njia ya magurudumu.

La tatu ni kahawa. Naona umeandika behewa lako ni la kahawa. Kahawa inanyonya harufu, huwezi kuipakia palipokaa mbolea au ngozi. Behewa la kahawa tulilikagua na kulifagia, sakafu yake ya mbao ilikuwa safi na mlango haukuruhusiwa kuvuja. Kwa hiyo nje liwe chakavu unavyotaka, lakini mpira wa mlango na paa visionyeshe tundu. Umepaka tundu la kutu juu ya paa. Mimi nisingelipitisha.

Mataruma_Moshi:

Shikamoo mzee. Nimelifunika tundu usiku huuhuu, nimepaka kiraka cha rangi mpya kidogo pale, kama vile gereji ya reli ilivyoziba. Magurudumu nimeyasugua kwa msasa laini mpaka chuma kikaonekana. Mistari 2 ya tope nimeiweka, na behewa limebadilika kuliko kwa kazi yangu yote ya mwezi.

Mama_Kaloleni:

Kaka Mataruma, mume wangu alinunua behewa la Ujerumani alipokuwa masomoni, ubavuni lina namba ndefu sana. Tunajuaje kama ni ya kweli au mtengenezaji kaandika tu?

Mataruma_Moshi:

Dada, zihesabu. Zikiwa 12 ni mfumo wa kimataifa wa Ulaya ulioanza miaka ya 1960, na namba yenyewe inajihakiki. Chukua mfano wa 31 80 5951 234-9. Ile 3 ya mwanzo inasema behewa lina bogi, 80 ni Ujerumani, 5 inayofuata ni aina ya behewa la wazi lenye kuta ndefu. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki.

Chukua zile 11 za mwanzo, zidisha ya kwanza kwa 2, ya pili kwa 1, ya tatu kwa 2, uende hivyo mpaka mwisho. Jibu likiwa na tarakimu 2, zijumlishe, yaani 16 inakuwa 1 na 6, ni 7. Jumlisha yote. Kwenye mfano wangu inakuja 41. Kufika kumi kamili inayofuata, yaani 50, zinahitajika 9, na 9 ndiyo iliyoandikwa. Ya kwako isipokubaliana, aliyeiandika alikosea au aliibuni.

Hii inafaa hata kwenye kuchakaza, kwa sababu namba ikishakubali hesabu unaweza kutafuta picha ya behewa la aina hiyo na kuona lilichakaa wapi.

Mama_Kaloleni:

Imekubali! Tumepiga hesabu wote wawili mezani. Sasa anauliza, akishamaliza unga wa chaki apake vanishi? Kwenye majaribio yake vumbi lote lilipotea.

FundiRangi_Ngarenaro:

Dada, vanishi inalowesha unga na unga ukilowa unakuwa kama kioo, rangi inaondoka. Apulizie kwanza vanishi isiyong'aa, ikikauka aweke unga, apulizie tena ukungu mwepesi kutoka mbali, arudie mara 2 au 3. Unga uwe mwingi kuliko anavyotaka mwishoni. Mimi behewa lisiloshikwa mara kwa mara naliacha bila vanishi ya juu.

Mataruma_Moshi:

Mzee wa Shedi, nina swali la mwisho kwako. Nimeona kwenye picha za zamani maandishi ya chaki karibu na mlango, idadi ya magunia. Nimechonga penseli nyeupe hadi ikawa kama sindano, nataka kuyaandika. Yalikaa upande gani wa mlango, na kimo gani?

Mzee_wa_Shedi:

Upande wa kulia wa mlango ukiuangalia, kimo cha kifua. Umesimama jukwaani, orodha iko mkono wa kushoto, chaki ya kulia, wapagazi wanapita mbele yako na magunia ya kilo 60, huna nafasi ya kusogea. Unaandika pale mkono unapofika. Vijiti 4 na cha 5 kinakata, halafu jumla chini yake.

Mataruma_Moshi:

Jukwaa linakaribiana na sakafu ya behewa, kifua chako mzee nakiweka mita 1.3. Kwa 87, ni milimita 15 juu ya sakafu, kulia kwa mlango. Naandika sasa.